Shukrani kwa dada wa Makole

Dada uliyekaa meza ya dirishani pale Makole, Dodoma, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Nilikuwa naendesha kompyuta ya Dar es Salaam kwa mbali, kupitia mtandao. Nikilenga kitufe cha kuhifadhi, mshale unabonyeza pembeni, tena kwa kuchelewa. Walioniambia ninunue mausi mpya wangeniliza bure! Wewe ukatazama ukuzaji wa skrini: kwangu asilimia 150, kule 100. Ukaweka 100 kote, ukanitoa kwenye kompyuta ile, ukaniingiza upya, mshale ukatii. Kisha ukazima picha ya nyuma na madoido, ukashusha rangi kutoka biti 32 hadi 16 (data kidogo kwa kila nukta ya picha) ili kupunguza kuchelewa, maana kila kinachobadilika kwenye skrini ya kule lazima kisafirishwe hadi kwangu. Maandishi sasa ni madogo, ila miwani ninayo. Soda yako nadaiwa.