Risiti inakatwa, jibu limefichwa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa kompyuta mtaa wa Langoni, Lamu. Kazi yangu kubwa ni kuwawekea wenye maduka programu za kuuzia mali na kutoa risiti, na kuitwa mbio zinapogoma. Naandika kuhusu tovuti ya maelezo ya programu mojawapo (jina nalihifadhi, sitafuti ugomvi), ambayo wenyewe wameijenga upya kwa mbwembwe: rangi mpya, vibonzo, na Kiswahili. La Kiswahili nawashukuru. Yaliyobaki yamenitoa jasho.

Wiki ya Maulidi, mji umejaa wageni hadi mabarazani, ami mmoja muuza vikoi na kofia alinipigia simu. Alikuwa amenunua printa ndogo mpya, na kila risiti ilitoka imekatwa upande wa kulia: jina la kikoi lipo, bei haipo. "Mwanangu, watu watadhani nawaibia," akaniambia. Nikafika, wateja wamesimama mlangoni, nikafungua ile tovuti kwa simu yangu.

Zamani maelezo yote yalikuwa ukurasa mmoja mrefu kama mkeka. Ukitafuta neno unarukia lilipo. Nadhani waliuonea haya. Sasa unalakiwa na visanduku vinne: Anza, Gundua, Sanidi, Kua. Niambie, Mhariri, risiti iliyokatwa bei imo katika kisanduku gani? Mahali pa kutafutia napo hapaonekani, pamefichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni. Nilipopapata nikaandika "risiti inakatwa". Hakuna kitu. Nikaandika "risiti haionyeshi bei". Zikaja kurasa tele, na ya kwanza ilikuwa ya toleo la programu lililokwisha kuachwa, wala haikuandikwa popote kwamba ni la zamani. Nilifuata maelekezo yake nikitafuta kitufe ambacho hakipo tena. Ami akaandika bei kwa kalamu ya wino siku nzima.

Jibu nililipata usiku, nyumbani, kwa kupekua ukurasa mmoja mmoja huku bando likiyeyuka. Lilikuwa ndani ya Sanidi, ndani yake Vifaa vya Pembeni, ndani yake tena Eneo la Uchapaji. Mstari mmoja tu: badilisha upana wa karatasi kutoka milimita 80 hadi 58. Printa ile ndogo hula karatasi ya 58, na programu ilikuwa inachapa kama kwamba ni ya 80. Asubuhi nilimrekebishia ami kabla chai yake haijapoa.

Kwa hiyo silalamiki kwamba maelezo hayapo. Yapo, tena yameandikwa vizuri. Ila yamepangwa jinsi waundaji walivyogawana kazi ofisini kwao, wa vifaa huku, wa fedha kule. Mwenye duka hajui mgawanyo huo. Yeye anachojua ni kilichomkuta saa ile, na kwa maneno yake mwenyewe.

Na maneno ndipo penye shida kubwa zaidi. Mitambo mingi ya kutafutia ilizoezwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni. Kanuni ya mtaalamu wa kompyuta Martin Porter ya mwaka 1980, ambayo bado hutumika, kazi yake ni kukata mikia ya maneno. Kiswahili chetu hubadilika kichwani vilevile. Mtu ataandika "nimeifuta", mwingine "imefutika", mwingine "kufuta", na ukurasa wenyewe unaitwa "Ufutaji wa Stakabadhi". Zote ni shina moja, futa, lakini mtambo unaokata mikia tu unaona maneno manne yasiyojuana. Hapo sijagusa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Ami huandika "bei haiyi", kwa kuwa kwetu kuja ni kuya. Wala hakuna muuza duka ninayemjua anayesema "nywila". Husema paswedi, au namba ya siri. Kuufundisha mtambo kwamba paswedi, neno la siri na nywila ni kitu kimoja si kazi ya mwaka. Ni orodha ya jozi za maneno, ambayo mtu anayekaa na wateja anaweza kuiandika baada ya sala ya alasiri akamaliza kabla ya magharibi. Tena wenyewe wanayo hazina mkononi: seva yao, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inaweza kuweka kila neno lililotafutwa likakosa jibu. Waisome. Najua "risiti inakatwa" imo.

Jingine dogo lakini linaniuma. Nina daftari ambamo nimenakili anwani za sehemu za ule ukurasa mrefu ninazozitumia sana, kwa miaka. Baada ya ukarabati zote zinatoa 404, ukurasa haupatikani. Tim Berners-Lee, mwenyewe aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Na kama ni lazima zibadilike, seva hupewa alama ya 301, ikamwelekeza mgeni kwenye makao mapya. Hapa kwetu hata mtu akihama nyumba humwambia jirani alikohamia.

Mgeni akipotea kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, hatumpi ramani. Twamwambia ashuke tu. Mji umekaa kwenye mteremko, na mwenye kushuka hatimaye hutokea pwani, akajua alipo. Tovuti ile haina mteremko. Nikiingia kutoka Google naangukia katikati ya ukurasa, na juu hapajaandikwa niko ndani ya nini, wala pa kubonyeza nipande ngazi moja. Kuweka mstari wa njia pale juu, Mwanzo, Printa, Karatasi, kungetosha.

Nilipochoka kulalama nikafanya jaribio. Nilikata maboksi ya biskuti nikapata vipande 30, na kila kimoja nikaandika swali moja ninaloulizwa na wateja. Nikawapa wenye maduka watatu, mmoja baada ya mwingine, wavipange mafungu wanavyoona wao na kila fungu walipe jina. Maswali ya deni, ambayo tovuti imeyatia kwenye Fedha, wote watatu waliyaweka pamoja na Wateja, kwa sababu deni ni la mtu. Printa ilipata fungu lake peke yake, na jina lake likawa Risiti. Hakuna aliyetaja vifaa vya pembeni. Mzee wa barazani aliyekuwa akitutazama naye akaomba ajaribu; akakusanya vipande vyote 30 fungu moja, akaliita Muite Fundi. Simlaumu, na biashara yangu nayo haikatai.

Mafungu hayo nimeyapiga picha nikawapelekea wenye programu. Wamejibu kwa adabu kwamba wanayatazama. Vipande vyenyewe nimevifunga kwa mpira, vipo dukani kwangu. Mhandisi wao yeyote akitaka kuviona, apande boti Mokowe, na akishuka Lamu aulizie fundi wa Langoni. Ami wa vikoi nitamwita tukae naye.

Fundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu