Kabla hujaahirisha tena

Mwenzangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umesema umepewa tarehe ya kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni kuangalia tumbo, halafu ukamalizia, "nadhani nitaahirisha kidogo mpaka tumbo litulie." Maneno hayo nayajua. Mwaka jana niliyasema mimi, mara mbili, kwa dada yule yule wa mapokezi, na mara ya pili sikumpa hata nafasi ya kuniuliza sababu. Nilikata simu.

Hili sikuwahi kukuambia. Ulijua nasumbuliwa na gesi tu, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila mtu. Kumbe nilikuwa naamka saa nane usiku kifua kinawaka moto, najiinua na kuegemea ukuta, simu mkononi, natafuta dalili zangu moja moja. Kila nilichosoma kilinifikisha kwenye neno lile ambalo na wewe umelizunguka kwenye ujumbe wako bila kulitaja. Saratani. Nimeliandika mimi ili usilibebe peke yako.

Sikuambii kwamba huna. Hilo ndilo kipimo kinakwenda kuliangalia. Ninachokuambia ni kwamba wengi wanaoingia chumba kile hutoka na jambo la kutibika: michubuko kwenye ukuta wa tumbo, kidonda, asidi inayopanda kwenye umio. Wengine wengi hawakutwi na kitu chochote cha kuonekana. Na hilo tunaloliogopa, likikutwa mapema, mlango wa matibabu unakuwa mpana zaidi. Tukiahirisha, hatuliondoi. Tunalipatia muda tu.

Ngoja nikueleze siku yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza, na akili ikajaza pengo lile kwa mambo ya kutisha.

Nilifika tumbo tupu, sijala tangu usiku. Muuguzi akaniuliza maswali yake: una mzio wa dawa yoyote? Una meno ya bandia? Mara ya mwisho umekula lini? Akaandika majibu, akafunga faili, akainuka. Nilikuwa nimeazimia kukaza roho na kunyamaza. Sijui nini kilinitoka, nikasema, "Naogopa." Akaketi tena. Akalifungua lile faili, akaandika mstari mmoja, kisha akaniuliza, "Unaogopa nini hasa? Maumivu, kukosa pumzi, au majibu?"

Mwenzangu, tangu nianze kuumwa hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa na woga mmoja mkubwa usio na umbo. Nikafikiri kidogo, nikamjibu, kukosa pumzi. Akanionyesha kwa kidole shingoni pangu: mpira unashuka kwenye njia ya chakula, na hewa ina njia yake, kwa hiyo utaendelea kupumua kwa pua muda wote. Tukapumua pamoja pale pale kitini, pole pole, kama mara tano hivi. Mpira nao nilikuwa nimeukuza kichwani. Unene wake ni kama wa kidole changu kidogo.

Basi nakuomba ufanye hivyo hivyo. Siku ile ukiulizwa kama una la kusema, sema kwamba unaogopa, na sema unaogopa nini. Uliza na habari ya sindano ya kutuliza. Ukichomwa hiyo utasinzia, pengine hutakumbuka mengi, ila lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari wala kutia saini jambo kubwa mpaka kesho yake. Ukipuliziwa dawa ya ganzi kooni tu, utabaki macho na utaondoka mapema zaidi.

Mimi nilichagua ya kupuliza. Ni chungu, na baada ya dakika moja koo linakufa ganzi mpaka unajiona huwezi kumeza mate. Hapo ndipo nilipotaka kushuka kitandani nikimbie. Ni dawa tu imeanza kufanya kazi, na unaweza kumeza hata kama huhisi. Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniwekea kiplastiki cha kung'ata kwa meno. Mpira ulipopita kooni nilicheua kwa nguvu, machozi yakanitoka. Sikufichi, sekunde zile ni ngumu. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa moja: kuacha mate yatiririke shavuni mpaka kwenye taulo bila kujaribu kuyameza, na kuhesabu pumzi. Mkono wa muuguzi ulikuwa begani kwangu. Wakapuliza hewa tumboni ili waone vizuri, nikajaa, nikabeua bila aibu. Wakachukua vinyama vidogo vya kwenda maabara, nami sikuhisi chochote. Dakika kama kumi, wakautoa.

Jingine, wiki ya kipimo tumbo langu lilichachamaa kuliko miezi yote. Nikaamini ugonjwa umekomaa. Daktari akanieleza kuwa utumbo una mtandao wake wa neva, seli zaidi ya milioni 100, nao unazungumza na ubongo saa zote. Ukiogopa, tumbo linasikia. Kwa hiyo ukiharisha au ukichafukwa na moyo siku hizi za kungoja, usilichukulie kuwa jibu. Lakini pia asikudanganye mtu kwamba "ni mawazo tu." Maumivu yako ni ya kweli.

Halafu zile dawa za kupunguza asidi unazomeza kila asubuhi: wapigie simu uulize kama unatakiwa kuziacha, na lini. Mara nyingi vipimo vya bakteria wa tumbo huhitaji uwe umeziacha kama wiki mbili, kwa sababu zinaweza kuwaficha. Kipimo changu cha kwanza cha choo kilikuja safi, nami nilikuwa nazimeza kila siku. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kusema. Usiziache kwa uamuzi wako, na wataje dawa zako zote, hasa za kuyeyusha damu au za kisukari kama unatumia. Na ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au chakula kikianza kukwama, usingoje tarehe. Nenda saa hiyo hiyo.

Majibu ya vinyama nilingoja siku tisa. Zilikuwa ndefu kuliko dakika zile kumi, na nilizitumia kujilaumu: hasira zangu, kukesha kwangu, nimejitakia mwenyewe. Kumbe ilikuwa kidonda, na ndani yake bakteria waitwao H. pylori. Daktari akanisimulia kuwa kwa miaka mingi hata wataalamu walilaumu mawazo na asidi, mpaka mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren kule Australia walipofanikiwa kuwaotesha bakteria hao maabara. Hawakusadikiwa. Mwaka 1984 Marshall akawanywa yeye mwenyewe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Nililia pale ofisini kwake. Nilikuwa nimebeba hatia ya kitu ambacho sikukifanya. Nikameza vidonge siku 14, mdomo una ladha ya chuma asubuhi hadi jioni, nikapimwa tena baadaye, wameisha.

Chako huenda kikawa kingine kabisa. Hata mimi bado nina usiku mmoja mmoja wa kuungua kifua. Lakini simu siku hizi naiacha sebuleni.

Usiwapigie kuahirisha. Nipigie mimi. Nitumie tarehe na saa leo nipange zamu zangu kazini, nije kukuchukua mapema na kukurudisha. Wakikuita nitabaki kwenye kiti cha nje pale pale, na mkoba wako nitaushika mimi.

Wako akupendaye,
Mwenzako