Barua ya wazi: Kosa lisingoje mtu aumie

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,

Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna friji bovu. Ilikuwa imesimama wima, mlango umefungwa, mpira wake wa pembeni bado mzima kabisa. Wiki iliyopita niliwakuta watoto wawili wanabishana nani aingie kwanza kujificha. Niliwafukuza, nikaenda kutafuta bisibisi, nikafungua bawaba mbili na kuutoa mlango. Kazi ya dakika kumi. Aliyeitupa hakuwa na dakika hizo, wala sheria yetu ndogo haikumdai azitafute.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimeisoma sheria hiyo mara mbili, ya pili polepole. Vitu hatari na uharibifu wa mali vimetiwa kwenye kifungu kimoja, na adhabu inakuja pale tu kitu kilichotupwa kikishaleta madhara. Kwa hiyo friji ya huku nyuma mpaka leo haina kosa. Ingekuwa nalo siku ambayo mtoto angekosa hewa ndani.

Wengine walishajifunza kwa uchungu. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kwamba friji ya nyumbani lazima ifunguke kwa ndani, kwa sababu watoto walikuwa wanafia ndani ya zile zenye komeo. Friji za siku hizi hujifunga kwa sumaku, na mtoto anaweza kuusukuma mlango. Lakini sumaku itamsaidia nini ikiwa friji imeangukia upande wa mlango? Na jokofu la kulaza lenye kufuli je? Miji mingi huko humtaka mwenye friji aung'oe mlango kabla hajaitoa nje, hata kama hakuna aliyeumia. Hicho ndicho tunachokosa: wajibu unaoanza kabla ya kutupa.

Nenda na kwa wazoa taka, Mheshimiwa. Muulize yeyote akuonyeshe viganja. Kioo kilichovunjika kinafungwa kwenye mfuko laini, sindano inachanganywa na maganda, na yeye anaubeba mfuko huo ukigonga paja. Kioo kingeweza kutiwa kwenye boksi na kuandikwa juu yake, na sindano kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Betri za simu ni balaa jingine: ikipondwa ndani ya lori linalokandamiza taka, betri ya lithiamu inaweza kujiwasha yenyewe, na moto wake ukizimwa huweza kuwaka tena. Betri ya gari sisemi sana. Ndani mna madini ya risasi na asidi, kila fundi anajua.

Sasa hiyo mali. Jirani yangu alichaniwa tairi na kipande cha dirisha kilichomwagwa kando ya barabara. Mhusika alijulikana, akapigwa faini, faini ikaingia halmashauri. Tairi akanunua jirani. Kijana aliyepiga taa ya barabarani kwa jiwe naye alilipa faini ileile, na taa haijatengenezwa. Naona ajabu kidogo: aliyeharibiwa ndiye pekee asiyepata kitu. Tenganisheni vitu hatari na uharibifu wa mali, na mwenye kuharibu agharamie kwanza kilichoharibika, faini ifuate.

Na kabla ya kukataza, wekeni mahali pa kupokelea. Ukimwambia mtu asitupe betri jalalani bila kumwambia aipeleke wapi, ataitupa usiku. Sitamlaumu sana. Sanduku moja la betri, siku moja inayojulikana ya kukusanya vyombo vibovu, na tangazo lililoandikwa kwa lugha ambayo mtu haihitaji wakili kuielewa.

Mlango wa ile friji nimeuegemeza ukutani kwangu, unaziba nusu ya korido. Nikiutoa nje, nami nitakuwa nimetupa. Naomba unijulishe niupeleke wapi.

Wako,
Mpangaji