Idi njema, na hasa kwenu mama mnaonyonyesha

Idi mubarak jamani, Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu na zile ambazo hatukuzifunga atupe umri tuzilipe. Nawaandikia kutoka Langoni hapa Lamu, saa tisa usiku, unga wa mahamri umeshaumuka na mwanangu wa miezi minne kalala kwenye mkeka mlangoni mwa jikoni manake nikimpeleka chumbani anaamka.

Salamu ni za wote lakini leo nataka niseme na kina mama wadogo wenye vichanga, nyinyi ambao mwezi huu hamkufunga au mlijaribu mkafungua mchana maziwa yalipokatika. Mimi nilijaribu. Siku ya kwanza nilifika adhuhuri, ya pili nikafika alasiri, mtoto akishika ziwa anaachia analia, akishika anaachia analia, mavyaa wangu akatazama hakusema kitu, akaenda akanikorogea uji wa pilipili manga akaniambia kunywa mwanangu, na huyu naye ana haki yake. Niliunywa nikilia. Ruhusa naijua, chuoni kwa Kurani tulisomeshwa, Mtume s.a.w. kasema mjamzito na mnyonyeshaji wameondolewa uzito wa funga kama msafiri, lakini kuijua ni jambo moja na kuambiwa na mtu njiani "kijana mzima wala mchana" ni jambo jingine, lilinikaa siku nyingi lile neno.

Na kazi haikupungua, ilizidi. Kila alasiri niko barazani na sambusa na kaimati, mtoto mgongoni, kanga imerowa jasho lake na langu, baba yake yuko kwenye boti za Mokowe, zinazovusha watu kutoka bara, na siku hizi za kukaribia Idi watu wanarudi makwao kwa wingi kwa hiyo akifika nyumbani isha imeshaswaliwa. Wakienda tarawehe mimi nakaa na kofia, natoboa tundu nazungushia uzi, tundu moja baada ya moja, hii niliianza na mimba ya miezi saba nikaimaliza juzi. Imenunuliwa! Ndiyo nguo ya Idi ya mkubwa wake na viatu, tena kavilalia vile viatu, kavikumbatia.

Jana jioni baba watoto alikuwa anapima fitri, ile sadaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani inayotolewa kwa kila mtu wa nyumbani, nikasimama nikatazama. Pishi ya mchele yake, pishi yangu, ya mkubwa, halafu akapima ya huyu mdogo. Mtoto hajui kama kuna Ramadhani, kutwa ananyonya, na fitri yake pishi nzima sawasawa na ya babu yake aliyefunga mwezi wote. Wallahi nilihisi kitu kimenishuka kifuani. Hata kichanga kahesabiwa, basi na mimi nimo.

Kwa hiyo dada zangu vaeni, jifukizeni udi, pakeni hina, msikae nyuma jikoni mkiona haya. Mahamri yangu yatakuwa tayari baada ya swala na mbaazi za nazi zipo, piteni, watoto wote nawapa mkono wa idi hata kama ni shilingi 10. Na mwenye deni la mwezi mzima kama mimi aniambie, mtoto akifika miezi sita akaanza uji nataka tulipe pamoja Jumatatu na Alhamisi, futari ya Jumatatu ya kwanza napika mimi.