YAH: Malalamiko ya matairi ya mbele kulika upande mmoja, na malipo ya kazi isiyofanyika

28 Novemba 2025

Meneja,
Kituo cha Matairi na Alaimenti,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa watalii, na gari ninaloendesha ni la kwangu mwenyewe: Land Cruiser iliyorefushwa, ya kazi ya safari, yenye ekseli ya mbele ya bomba moja, yaani chuma kimoja kizima kutoka tairi hadi tairi. Hilo la ekseli naomba ulishike, nitalirudia. Nimepiga simu mara tatu na nimefika kaunta yenu mara mbili. Mara zote jibu limekuwa lile lile: "Ni barabara hiyo, mzee." Ndiyo maana leo naandika.

Tarehe 14 Juni nilinunua kwenu matairi sita ya 7.50R16, manne ya kutembelea na mawili ya spea, kila moja shilingi 520,000. Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha uelekeo wa matairi, ilikuwa ndani ya bei. Gari lilikuwa linasoma kilomita 312,480. Tarehe 2 Agosti, baada ya kilomita 3,130, nilirudi kwa sababu matairi ya mbele yalikuwa yanalika bega la nje. Kijana wenu hakuinua gari. Alilipandisha kwenye mashine, akarekebisha, akanitoza 60,000, kisha akahamisha ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele. Nilishukuru nikaondoka. Tarehe 20 Septemba, kwenye kilomita 319,350, yale yaliyotoka nyuma yakiwa safi nayo yalikuwa yameliwa vilevile. Safari hii nilitozwa alaimenti nyingine 60,000, na "kurekebisha kemba", yaani mwegemeo wa tairi, 120,000, halafu nikashauriwa ninunue mapya mawili ya mbele. Nikanunua, 1,040,000. Risiti zote za EFD ninazo.

Nianze na barabara, kwa kuwa ndiyo mnayoisingizia. Sikatai kwamba ni mbaya. Lami inaishia lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo ni kupanda ukingo wa kreta, kushuka upande wa Malanja, halafu vumbi na changarawe iliyojikunja kama bati hadi Naabi na Seronera, Serengeti. Inakula shokamzoba, inakula bushi, karibu ile na meno ya dereva. Lakini kila ugonjwa wa tairi una alama yake. Shokamzoba ikifa, tairi linadundadunda na kulika mashimomashimo. Upepo ukiwa mdogo, mabega yote mawili yanakwisha, katikati panabaki. Ukizidi, katikati ndipo panapokuwa kipara. Nakiri kwamba nikifika kwenye vumbi huwa napunguza upepo kidogo, na fundi wenu alinikamata hapohapo akaniambia nimejitakia. Sawa, lakini upepo mdogo hauli bega la nje ukaacha la ndani. Siku ile ya Agosti, kabla sijaja kwenu, nilipima kina cha kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara. Matairi mapya yalikuwa na milimita 13. La kushoto mbele lilibaki na milimita 7 upande wa nje na 12 upande wa ndani. La kulia 8 nje na 12 ndani. Ya nyuma, yaliyopita njia ile ile siku zile zile, yalikuwa sawa pande zote. Barabara gani hiyo inayojua kutofautisha tairi la mbele na la nyuma?

Kulikuwa na ushahidi mwingine usiohitaji hata kipimo. Ukipitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kuja ndani, kilipita laini. Ukikirudisha kutoka ndani kwenda nje, kinakwaruzwa, kama unampapasa samaki kinyume cha magamba. Hiyo ni alama ya matairi ya mbele yanayochungulia ndani kupita kiasi. Gari linakwenda mbele lakini matairi yanataka kukutana, basi kila mzunguko yanaburutwa kidogo kwenda nje, na bega la nje ndilo linalolipa. Nilimwonyesha kijana wenu kwa mkono wangu. Aliniambia mashine ndiyo inayojua.

Mlipohamisha matairi bila kutafuta sababu mlifanya mambo mawili mabaya kwa mpigo mmoja: mlifuta alama zilizokuwa mbele ya macho yenu, na mkaleta matairi mawili mazima kwenye ugonjwa ule ule. Kwa hiyo kufikia Septemba sikuwa tena na mawili mabovu. Nilikuwa na manne.

Tarehe 9 Oktoba, kilomita chache baada ya lango la Naabi, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Ni lile lile lililoliwa mbele kisha mkalihamishia nyuma, na jiwe lilipenyea palepale begani palipokuwa pamebaki pembamba. Kushuka garini hifadhini hakuruhusiwi hivihivi, lakini tairi halibadilishwi ukiwa umekaa kwenye siti. Dereva mwenzangu alisimamisha gari lake pembeni akawa ananiangalizia majani, mimi nikawa chini na jeki. Wageni walipiga picha. Walipomaliza mmoja akaniuliza kwa upole kama matairi ni mapya. Nilimjibu ndiyo, na sikudanganya.

Niliporudi mjini nilikwenda mtaa wa Unga Limited, kwa fundi anayefanyia kazi chini ya mti. Mashine hana. Ana jeki, stendi mbili, chaki, msumari na futi ya chuma. Aliinua mbele, akapaka chaki katikati ya kila tairi, akalizungusha huku msumari umetulia juu ya ubao, ukachora mstari mmoja mwembamba kuzunguka tairi zima. Akashusha gari, tukalisukuma mbele hatua chache likae kwa uzito wake, kisha akapima kutoka mstari hadi mstari, upande wa mbele wa matairi na upande wa nyuma, usawa wa habu, yaani kitovu cha tairi. Upana wa nyuma ulizidi wa mbele kwa milimita 14. Gari hili linahitaji tofauti ya milimita chache tu. Wiki tatu nyuma lilikuwa juu ya mashine yenu, na karatasi mliyonipa imeandikwa kila kitu kiko sawa.

Akaliinua tena. Alishika tairi la kushoto mkono huu na huu, kama anayeshika usukani, akalitikisa. Lilicheza, na kwa macho tuliona tairodi endi, kile kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani, ikigonga. Akashika juu na chini, likacheza tena. Hapo akaniambia nipande nikanyage breki. Nimeendesha miaka 19 na hili sikulijua. Breki ikikamata, habu na kichwa cha ekseli kinachogeuza tairi vinakuwa kitu kimoja. Mchezo ukiisha, ujue beringi za habu ndizo zimelegea. Haukuisha. Kilichokuwa kinacheza ni kichwa chenyewe, maana yake beringi za kingpini, pini ambazo kichwa hicho kinageukia, zimekwisha. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja, na alinitoza 15,000.

Sasa turudi kwenye ile ekseli.

Karatasi yenu ya tarehe 20 Septemba inasema kemba ya kushoto ilikuwa nyuzi 1.2 kabla ya kazi na nyuzi 0.5 baada ya kazi. Kemba ni jinsi tairi linavyoegemea nje au ndani ukilitazama kwa mbele. Kwenye gari dogo ambalo kila tairi la mbele limeshikwa na mikono yake ya juu na chini mara nyingi pana mahali pa kuirekebisha. Kwenye ekseli ya bomba moja hapana. Mwegemeo umeumbwa na chuma chenyewe, na kuubadili ni ama kuikunja ekseli ama kufunga vipuri maalumu. Ekseli yangu haikukunjwa, na risiti yenu haina kipuri hata kimoja. Basi hiyo 120,000 ililipia nini?

Nimeitafakari sana karatasi hiyo, na sidhani kwamba mashine ilidanganya. Tairi lilikuwa limelegea. Kila mlipolisukuma liliegemea lilivyotaka, na mashine ikaandika ilichokiona. Namba inayobadilika bila chuma kuguswa ndiyo iliyokuwa inawaambia kuna beringi imekufa. Ninyi mkaisoma kama kazi iliyofanyika, mkaiwekea bei. Na hiyo milimita 14 nadhani ilipatikana kwa njia hiyohiyo: mliweka kipimo kwenye tairodi inayocheza, na gari lilipotoka getini kipimo hakikuwa tena pale mlipokiweka. Alaimenti kabla ya kutikisa tairi ni sawa na fundi cherehani kumpima mtu anayecheza ngoma.

Tarehe 23 Oktoba nilifunga beringi za kingpini pande zote mbili, na sili zake, na tairodi endi mpya. Fundi wa chini ya mti aliweka tofauti ya milimita 2 kwa futi yake. Tangu hapo nimetembea kilomita 2,700, njia ile ile ya Naabi, vumbi lile lile, na upepo naupunguza kama zamani. Matairi mawili niliyonunua Septemba, ambayo yalikuwa yameshaanza kukwaruza, yametulia. Kiganja kinapita kwenda na kurudi.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe 120,000 ya kemba, kwa sababu kazi hiyo haikufanyika na haikuwezekana kufanyika. Nirudishiwe alaimenti mbili za 60,000. Nirudishiwe 1,040,000 ya matairi mawili ya Septemba, ambayo nisingeyahitaji kama mngetikisa tairi mwezi Agosti. Kwa lile lililopasuka nadai nusu tu ya bei, 260,000, kwa kuwa lilikuwa limeshanitumikia na jiwe halikutoka kwenu. Jumla ni shilingi 1,540,000. Beringi na tairodi endi siwadai. Hizo zilichakaa kwa kazi yangu na ni mzigo wangu. Alaimenti ya Juni siihesabu, maana sikuilipia peke yake, ingawa ndiyo iliyoanzisha yote. Wala siwadai kwa zile picha za wageni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo si la fedha. Pale kwenu nimeona magari ya safari yakipanga foleni asubuhi, mengi ya ekseli kama yangu, na yanapanda kwenye mashine bila kuinuliwa. Naomba kijana anayepokea magari apewe jeki na ruhusa ya kumwambia mteja, "Kaka, kwanza badilisha hiki, ndipo tukufanyie alaimenti." Najua wako watakaonuna na kwenda kwingine. Mimi nisingenuna. Ningekuwa na 1,540,000 yangu mfukoni.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitaipeleka pamoja na risiti na ile karatasi ya kemba kwenye Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Ningependa tusifike huko. Nimekuwa mteja wenu muda mrefu, na kwa bei na upatikanaji wa matairi sijawahi kuwa na neno.

Matairi matatu, likiwamo lililopasuka, nimeyahifadhi uani kwangu. Kila moja nimeliandika kwa chaki upande lilikofungwa na tarehe lilipotoka. Kama mnataka kuyaona kabla ya kujibu, mtumeni fundi wenu mkuu, si kijana wa mashine. Nitakuwa Arusha hadi tarehe 6 Desemba, baada ya hapo nina wageni wa siku tano. Kipimo cha kina ninacho, aje na mikono yake tu.

Wako,

Mteja wenu na dereva mwenye gari
(jina, namba ya gari na simu vimo kwenye nakala za risiti nilizoambatanisha)