Mafunzo ya likizo: tunaanza Jumatatu, chumba kimebadilika

Walimu wenzangu, habari za likizo? Natumaini mmeshapumua kidogo.

Mafunzo yetu ya teknolojia yanaanza Jumatatu ijayo, siku 3, saa 2:30 asubuhi hadi saa 7 mchana. Hatutakuwa tena chumba cha kompyuta, maana nusu ya soketi hazina umeme. Tukutane maktaba.

Mwaka jana nilitoka kwenye mafunzo kama haya daftari limejaa, kichwa kitupu: mwezeshaji alibonyeza, sisi tukatazama. Safari hii kila mtu anabonyeza mwenyewe. Siku ya kwanza yote ni jedwali la alama, hapo ndipo tunapoumia. Mwanafunzi aliyekosa jaribio ukimwandikia 0, wastani wake unaporomoka. Ukiacha kisanduku wazi, fomula ya wastani inakiruka. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshasaini ripoti za darasa zima!

Njooni na:
1. Kompyuta mpakato na chaja yake. Asiye nayo aseme mapema, atakaa na mwenzake.
2. Alama za darasa moja, majina yameondolewa.
3. Nywila ya barua pepe. Tafadhali sana. Mara ya mwisho saa nzima iliishia hapo.

Nahitaji pia wawili wa kuja saa 2 kamili kufunga projekta.

Thibitisha hapa kabla ya Ijumaa saa 12 jioni: andika NAJA au SIJI, na kama una kompyuta. Ukikaa kimya nitahesabu huji.

Asanteni, tuonane Jumatatu.