Salama, hicho kichupa cha karafuu kiweke chini kwanza

Salama mpenzi,

Salamu nyingi, sisi huku wazima, hofu ni kwako. Habari nyingine nitakuandikia siku nyingine, maana ujumbe wako wa jana umenikalisha chini bila kupenda. Ule wa "nimepata mafuta ya karafuu, leo usiku nayamwaga kwenye matuta yote, wakija watajuta". Najua paka wanakuchosha, wanajisaidia kwenye matuta yako ya mboga na mlangoni na kukojoa ukutani, lakini ndugu yangu, usimwage hata tone. Kama huna nafasi ya kusoma barua yote, basi soma hapa tu: mafuta ya karafuu ya kichupani hayamfukuzi paka tu, yanaweza kumuua.

Utaniambia ni dawa ya asili, na najua nani kakutia maneno hayo. Msalimie Mama Zuhura, umwambie upupu nao ni wa asili.

Ukali wa karafuu unatokana na kitu kinachoitwa yujenoli. Ini la binadamu linaweza kukishughulikia na kukitoa kwa mkojo. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya (enzaimu) cha kazi hiyo, kwa hiyo kinabaki mwilini na kulundikana. Kwa sababu hiyo hiyo kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho wewe unameza na kwenda kulala, kinaweza kumuua paka. Wala si lazima ayanywe hayo mafuta. Anayakanyaga, yanashika kwenye nyayo na manyoya, kisha anajikalia pembeni kujilamba, na hapo ndipo yanapoingia. Dalili zake ni kutokwa udenda, kuyumba, kutapika na kutetemeka. Akifika hapo ni kumwosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, bila kumtapisha, na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Sasa fikiria mwenyewe utakavyomweleza Bi. Rehema, mwenye paka wake.

Na si karafuu peke yake. Mafuta ya kichupani ya mdalasini, mkaratusi, mnanaa, mti wa chai (ule wa "tea tree", si chai ya kunywa), hata ya machungwa, yote yaache. Ganda la chungwa ni jambo jingine kabisa na mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda mengi hadi yakajaa kichupa. Nitalirudia.

Kabla sijasahau, kuna vingine najua vitakujia kichwani ukiambiwa karafuu hapana. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, ni sumu kwa paka, kwa mbwa na kwa mtoto atakayeviona ni peremende. Pilipili ya unga inashika nyayo, paka anajipangusa uso, inaingia machoni. Na upepo ukigeuka inakurudia wewe. Vitunguu, vyekundu na saumu, vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka akivila au akivilamba. Dawa ya klorini ya nguo nyeupe ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya kwa kifua, na ikikutana na siki ndiyo mbaya zaidi, usizichanganye kamwe. Sabuni za sakafu zenye amonia nazo zinanuka kama mkojo, kwa hiyo unakuwa umemwandikia paka kibao cha "choo ni hapa".

Haya, tuje kwenye matuta yako. Unalalamika kwamba umejaribu siki na maganda ya limau na wanarudi pale pale. Watarudi, kwa sababu pananuka mkojo wao. Kuweka harufu mpya juu ya ile ya zamani ni kujipulizia manukato bila kuoga. Kwenye mkojo wa paka kuna vitu vya harufu ambavyo maji na sabuni ya kawaida haviviondoi vizuri. Vinakauka, unadhani pamekwisha, hewa ikipata unyevu harufu inaamka. Pua yako huenda isiisikie, ya paka inaisikia.

Kwa hiyo mlangoni anza hivi. Chukua sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya (pakiti yenyewe itasema), sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji ya vuguvugu. Yasiwe ya moto, moto unaviharibu vimeng'enya. Lowesha mahali penyewe na pembeni yake, acha dakika 15, suuza kwa maji baridi, kausha kabisa. Pakishakauka, kama ni kigae au saruji, pangusa kwa spiriti ya hospitali, mbali na moto. Zulia la mlangoni lijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, rangi isije ikatoka. Kama limenywa mkojo kwa miezi, litupe tu, usihangaike nalo.

Kwenye tuta huwezi kusafisha udongo namna hiyo. Pale walipojisaidia ondoa udongo kwa kina cha kiganja, tia mwingine. Uvae glavu, na Mwanaidi na mimba yake asiguse kabisa kazi hiyo. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma. Vinachukua kama siku 1 hadi 5 tangu kutoka mpaka viwe na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo kinachookotwa siku hiyo hiyo hakina hatari kubwa, ila vikibaki udongoni vinaishi miezi. Kinyesi hicho usikitie kwenye mboji. Na mboga za tuta hilo zioshwe sana.

Sasa kizuizi chenyewe. Nitakuudhi hapa, maana wewe unataka dawa ya chupa na mimi nakuambia chupa ni msaidizi tu. Mtazame paka anapokuja tutani. Ananusa, anaweka mguu mmoja wa mbele, anaparua mara mbili tatu kupima kama udongo ni laini na mkavu. Ukimkubali anachimba, anageuka, anachuchumaa, anafukia. Ukimkatalia kwenye ule mparuo wa kwanza, anaondoka. Basi kazi yako yote iwe kwenye mparuo huo.

Tafuta waya wa banda la kuku wenye matundu ya kama sentimita 2.5. Ulaze juu ya tuta, kingo zilizokatwa zikunje kwa chini zisichome mtu wala mnyama, ubane kwa vipande vya waya vilivyopindwa, kisha fukia kwa udongo wa sentimita 2 au 3. Mbegu zinaota kupitia matundu, paka akiparua anakutana na waya. Kinachoharibika mara nyingi ni viwili: waya ukiachwa umeinuka katikati, mche unausukuma na paka anaingia chini yake, na mimea ya shina nene kama nyanya inakuja kubanwa, kwa hiyo hiyo uikatie matundu makubwa ya sentimita 10 mapema, usingoje shina linenepe. Huna waya? Vijiti vya urefu wa sentimita 30, nusu ardhini nusu juu, nafasi isizidi sentimita 8 kati ya kijiti na kijiti ili asipate pa kugeukia. Ncha ziwe butu. Na mwagilia jioni badala ya asubuhi kwa wiki za mwanzo, udongo wenye maji hawaupendi, ila usizidishe, miche michanga ikilala kwenye tope inaoza shingo.

Baada ya hapo ndiyo dawa, na hii ndiyo ninayoiamini. Maganda ya machungwa 4 au malimau 6, mabichi, yakate vipande vidogo. Lita 1 ya maji. Funika sufuria (usipofunika, harufu unayoitafuta inaondoka na mvuke na unabaki na maji ya njano), yakichemka punguza moto, acha dakika 20. Epua, acha yalale humo humo mpaka asubuhi. Chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la chai, maana nyuzinyuzi zitaziba mdomo wa chupa ya kupulizia na utanilaumu mimi. Ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Maji hayashikani na mafuta ya ganda bila hiyo. Weka kwenye friji, usipite wiki, ikiota ukungu mwaga.

Pulizia jioni kabla giza halijaingia, kwa sababu paka hutembea zaidi machweo na alfajiri. Lenga matofali ya ukingo, vyungu, mbao, njia anayopitia. Majani yaache, kama lazima, jaribu jani moja usubiri siku mbili, hasa kama tuta linapigwa na jua. Wiki ya kwanza kila siku, baadaye siku moja ndani siku moja nje, na kila mvua inaponyesha anza upya. Watu wengi wanakosea hapa: wanapulizia Jumamosi, Jumanne wanasema dawa haifanyi kazi. Harufu yenyewe haikai zaidi ya siku moja au mbili.

Rozimari nayo nzuri. Konzi moja ya matawi kwa lita 1, mtindo ule ule, dakika 10 tu. Badilishana na ya maganda kila wiki mbili, kwa sababu paka akizoea harufu anaipuuza kabisa, na paka wa Bi. Rehema anaonekana ni mzoefu wa mambo.

Siki usiitupe, lakini usiimwage tutani tena, nadhani ile miche iliyonyauka uliyoniandikia ilinyauka kwa siki wala si kwa paka. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha vitambaa, vitie kwenye makopo yaliyotobolewa ubavuni, uyaweke kwenye pembe za tuta. Mvua haiviingilii na udongo hauguswi. Kwenye marumaru na saruji usiipulizie, asidi inakula chokaa. Mashapo ya kahawa sikushauri. Yakiwa mengi yanashikana, yanafanya gamba, maji hayapiti. Yakiota ukungu ni balaa jingine. Na kafeini ni sumu kwa paka na kwa mbwa pia.

Kuna kitu utanicheka nacho, lakini kifanye. Mpe paka choo chake. Kona ya mbali, sanduku la sentimita 60 kwa 60, mchanga mkavu kina cha sentimita 10, na juu yake udongo kidogo wa ule alioutumia, ili ajue ni pa nini. Ulifunike likinyesha, uchote kila siku. Ukimfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine, atahamia kwenye vyungu vya Shabani na lawama zitarudi kwako. Na yale mabaki ya samaki nje ya jiko bado mnayaacha wazi? Hakuna dawa inayoshindana na samaki.

Kuhusu ule mkojo wa ukutani, huo usiuchanganye na wa matuta. Dume anayeweka alama hachuchumai. Anaupa ukuta mgongo, mkia juu unatetemeka, anarusha kidogo tu, usawa wa pua ya paka mwenzake. Huyo waya wala maganda havimhusu. Safisha kwa ile sabuni yenye vimeng'enya, na zungumza na mwenyewe amhasi. Madume wengi mno wakihasiwa huacha. Najua wewe na Bi. Rehema hamsalimiani siku hizi. Mtume Kassimu, yeye ana ulimi wa asali, ingawa sijui kama lile jambo la uzio... basi, hilo tuliache.

Kichupa umekiweka wapi sasa? Kama ulishamwaga kidogo, ondoa udongo huo leo leo na uutie kwenye mfuko uliofungwa. Hebu nieleze pia: wanaochimba ni paka wangapi, mmoja au kundi? Alama za ukutani ziko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Tuta linapata jua la asubuhi au la mchana? Kuna jike aliyezaa karibu hapo, labda chini ya mbao za Shabani? Kagua kabla hujaziba upenyo wowote, usije ukafungia vitoto ndani. Mbegu ulizopanda upya zimeota? Na Mwanaidi ana miezi mingapi sasa, mbona hamniambii kitu?

Nijibu kwa ujumbe, barua zako zinachelewa.

Wako,
Tatu